Timu Isiyozunguka

Nchi yetu ni nchi ya amani. Nalisema hili mapema kwa sababu katika taarifa hii mtakutana na damu, na meno, na bega moja lililokataa kazi, na nisingependa msomaji wa mbali apate picha mbaya. Amani yetu ni kubwa kiasi kwamba inahitaji askari wengi wa kuilinda, na askari wakiwa wengi hawawezi kukaa bure. Anayetaka kubishana na hoja hii aende ofisini kwa Kanali, asije kwangu.

Mimi ni karani wa pointi wa Radi, timu ya wanaume ya mpira wa wavu ya Chuo Kikuu cha Taifa. Kazi yangu ni kukaa mezani kando ya uwanja na kuhesabu. Sipigi mpira na sipigi mtu. Nimehesabu misimu minne mfululizo bila kukosea, na kwa sababu hiyo nimepewa nishani mbili na kiti chenye mto.

Msimu wa kwanza tulikuwa wazuri. Nasema wazuri wa kawaida, wale wa kupiga mpira ukavuka wavu na kutua ndani ya mstari. Kocha wetu alikuwa Mwalimu Sinkala, mtu mwenye sauti ya kuita ng'ombe, na maneno aliyoyarudia kuliko yote yalikuwa, "Zunguka, wanangu! Zunguka!" Asiyeujua mchezo huu aelewe hivi: kila upande una watu sita, watatu mbele penye wavu na watatu nyuma, na timu ikiwapokonya wenzake zamu ya kuanzisha mpira, wote sita husogea nafasi moja. Aliye mbele huenda nyuma, na wa nyuma naye kwa zamu yake huja mbele. Hakuna anayeulizwa kama anapenda.

Nahodha alikuwa Zabroni, mwanafunzi wa mwaka wa tatu wa udaktari wa meno. Yeye ndiye aliyekuwa akiupandisha mpira kwa ncha za vidole ili mwenzake aukandamize upande wa pili, na vidole vyake vilikuwa virefu, vitulivu, hata mpira wa kasi ukifika kwake unapoa. Rafiki yake wa chumba kimoja aliitwa Makungu. Huyo alikuwa fundi wa kuanzisha mpira, na mkono wake wa kulia uliogopwa na vyuo vyote vya ukanda wetu. Mwaka ule tukachukua kombe la vyuo, na bahati ikatushukia: tukaitwa Ikulu tucheze na timu ya walinzi mbele ya Mlezi wa Taifa, ambaye ndiyo kwanza alikuwa ametimiza mwaka wa thelathini na tatu kitini.

Mlezi alikuwa hajawahi kuutazama mchezo huu hata siku moja. Alitazama seti ya kwanza kwa furaha, akatafuna korosho, akacheka mpira ulipompiga mlinzi mmoja puani. Kisha akanyoosha kidole.

"Yule mrefu pale. Si alikuwa mbele?"

"Ndiyo, Mheshimiwa Mlezi," akajibu Mwalimu Sinkala.

"Mbona sasa yuko nyuma? Kakosa nini?"

Nawaombeni mkae hapa kidogo mfikirie jibu ambalo mtu mwenye akili timamu angelitoa. Angeweza kusema kijana anaumwa tumbo. Angeweza kusema ametumwa maji. Lakini Mwalimu Sinkala alikuwa mtu wa kufundisha, na mtu wa kufundisha akiulizwa swali hushindwa kujizuia.

"Hajakosa kitu, Mheshimiwa. Zamu yake ya kukaa mbele imekwisha. Kila mtu hukaa mbele kwa zamu, kisha humpisha mwenzake."

"Kila mtu?"

"Kila mtu. Ndio uzuri wa mchezo wenyewe."

Korosho iliyokuwa mdomoni mwa Mlezi haikutafunwa tena. Wa kwanza kuelewa alikuwa Waziri wa Michezo na Usalama wa Ndani, Balozi Daktari Kanali Lukindo, ambaye hana masikio makubwa ila husikia upesi. Kombe letu lilikuwa mezani mbele yake. Alilishika kwa vishikio vyote viwili, akamshushia nalo Mwalimu Sinkala tayani. Alimpiga mara tatu, kwa utaratibu. Meno manne yakaruka juu ya zulia, na Zabroni akapiga magoti kuyaokota, maana alikuwa amefundishwa kwamba jino likirudishwa upesi huweza kushika. Hakupewa nafasi ya kulirudisha hata moja. Mwalimu Sinkala alichukuliwa kwa mazungumzo mafupi, na kombe likapelekwa makumbusho na kibonyeo chake, limeandikwa "Ushindi".

*

Amri ilisomwa redioni kesho yake asubuhi. Ilisema kwamba kuzunguka ni mbinu ya mabeberu ya kuwazoesha vijana dhana kuwa aliye mbele lazima aondoke. Kwamba kuanzia sasa kila mchezaji wa Radi atabaki mahali alipokuwa amesimama wakati Mlezi anauliza swali lake. Na kwamba neno la Mlezi, kama ijulikanavyo, halirudi. Hata yeye mwenyewe hawezi kulirudisha. Kulirudisha ni kukiri kosa, na Katiba yetu inasema waziwazi kwamba hakosei.

Bahati mbaya swali lilikuwa limeulizwa wakati mbaya. Kitwana, mwenye urefu wa mita mbili, alikuwa amezunguka hadi kona ya nyuma, na huko akabaki. Tegemeo, ambaye ni mfupi, fundi wa kuokota mipira ya chini, alikuwa ndiyo kwanza amefika mbele penye wavu, na hapo akabaki, akiruka kila siku kwa moyo wote bila kucha zake kufika juu ya wavu. Na Makungu alikuwa mahali pa kuanzishia mpira. Basi ikawa mpira wetu wote, kila mechi, mwaka mzima, utaanzishwa na Makungu.

Wapo waliouliza: je, kanuni za mchezo si zinasema timu isiyozunguka inapoteza pointi? Zinasema. Refa wa kwanza kulikumbuka hilo alikuwa bwana mmoja mpole kutoka mkoani, aliyepuliza filimbi na kuonyesha kwa kidole kwamba Radi hawakuzunguka. Askari wawili walimlaza chali juu ya uwanja, wa tatu akambana pua, na Kanali mwenyewe akamsukumia filimbi kooni kwa kidole gumba mpaka ikashuka. Hakufa. Lakini nasikia hadi leo akikohoa, mbwa wa jirani huja mbio.

Baada ya hapo marefa walituelewa. Wapinzani walichelewa kidogo. Timu ya chuo kimoja cha misitu ilizunguka mara moja tu, kwa mazoea, maskini. Askari wakaingia na virungu, na wale waliotoka mbele kwenda nyuma wakapelekwa nyuma zaidi, hadi wodini. Wengine walikuja wakiwa wamejifunga kamba miguuni, kuonyesha nia njema. Tukashinda ishirini na tano kwa sifuri. Tukashinda tena, na tena, na mimi nikahesabu. Kulikuwa na jioni ambazo watu wa usafi walimwaga maji uwanjani ndoo kumi na mbili na bado mistari ilibaki myekundu, lakini matokeo yalikuwa safi.

Kwenye sherehe ya kufunga msimu Kanali Lukindo alitoa hotuba ya saa tatu. "Ndugu wananchi," alisema, "zamani tulishinda, lakini kila mtu alitoka uwanjani kwa miguu yake. Sasa nawauliza, huo ulikuwa ushindi gani? Ushindi usio na majeruhi ni uvumi!" Watu walipiga makofi, na mimi nilipiga. Mwenye nguvu mpishe, walisema wazee, hawakusema umuulize anakwenda wapi.

*

Msimu wa tatu bega la Makungu lilianza kuzungumza. Nasema kuzungumza kwa sababu nilikuwa nalisikia kutoka mezani kwangu: kila akiinua mkono, linasema ka! Hesabu mwenyewe. Mipira ishirini na tano kila seti, seti tatu kila mechi, mechi kila Jumatano na Jumamosi, na mazoezi siku zilizobaki. Kufikia mwezi wa nne mkono ulikuwa umevimba toka shingoni hadi kiwikoni, na ngozi imekuwa nyeusi ya kung'aa. Zabroni alikuwa akimkanda kwa maji ya chumvi, akimlisha kama mtoto, kisha akaenda kupiga magoti ofisini kwa Kanali.

"Mheshimiwa, naomba Makungu apumzike wiki mbili. Mwingine aanzishe."

"Mwingine nani? Hiyo si nafasi yake Makungu?"

"Ni yake, lakini mkono unaoza."

"Kijana," akasema Kanali kwa upole, maana huwa mpole sana kabla, "nafasi ni dhamana. Mtu haachi dhamana kwa sababu ya mkono." Akamtandika kofi moja la kumsindikiza.

Makungu alianguka Jumamosi ya mwisho ya msimu, seti ya tatu, mpira wa kumi na tisa. Askari wawili wakamnyanyua, mmoja kwapa hili, mmoja kwapa lile. Wa tatu akaushika ule mkono na kuurusha, na mpira ukaenda. Ukaenda wa ishirini. Ukaenda wa ishirini na moja. Zabroni alikuwa anapiga kelele, "Jamani amekufa! Mwacheni, amekufa!" na kila akisogea anarudishwa mahali pake kwa kitako cha bunduki, mpaka nyusi zikachanika na akawa haoni vizuri. Nilihesabu hadi ishirini na tano. Daktari wa timu aliandika kwamba marehemu alifariki baada ya filimbi ya mwisho, akiwa na furaha.

Nafasi ikawa wazi, na nafasi ya mtu katika nchi yetu haimwendei mgeni. Hiyo ni mila yetu, na mila si kitu cha kuchezea. Makungu hakuwa na mtoto wala ndugu. Yalitumwa magari matatu ya askari hadi kijijini kwao, yakamkuta baba yake juu ya mti anarina asali, yakamshusha.

Mzee Makungu alikuwa na miaka sitini na mitatu. Alifika chuoni peku, bado ananukia moshi wa nyuki, ameshika sanda aliyoinunua njiani.

"Nimekuja kuchukua mwili wa mwanangu," alimwambia Kanali.

"Umekuja kuchukua nafasi yake," Kanali akamjibu, na akamvika jezi namba saba. Haikuwa imefuliwa.

Zabroni ndiye aliyempokea. Alimwosha miguu, akamwonyesha kitanda cha Makungu, na mzee akakaa pembeni ya kitanda hicho bila kukilalia. Nilikuwepo, nimeleta fomu za usajili.

"Baba," Zabroni alisema, "Makungu tulikuwa tunalala naye hapa miaka mitatu. Sikuweza kumtoa pale. Wewe nitakutoa. Nitakurudisha nyumbani kwako ukiwa mzima."

"Utaweza?"

"Sijui. Lakini nitakutoa."

Nilijaza fomu zangu nikaondoka. Jambo hilo halikunihusu, na mambo yasiyonihusu nimejifunza kutoyasikia vizuri. Kuanzia wiki iliyofuata mzee aliuanzisha mpira kwa kiganja wazi, kama anayefukuza inzi, na kwa kila mpira usiofika kwenye wavu alichapwa waya nyuma ya magoti. Ulikuwa haufiki wowote. Nilihesabu kila mpira kuwa pointi yetu, na baada ya kila mechi Zabroni alimbeba mgongoni hadi bwenini.

*

Msimu wa nne ndio uliotuletea matatizo ya kitaalamu. Nchi yetu ilipewa heshima ya kuandaa fainali ya vyuo vya bara zima, na fainali ile ilikuja na marefa wa kigeni, na marefa wale walikuja na kamera. Filimbi zao hazikuweza kumezwa bila dunia nzima kuona. Hapohapo Radi haiwezi kuzunguka, na refa wa kigeni hawezi kuacha kuhesabu kosa.

Lakini usidharau wasomi wa nchi hii. Mhandisi mmoja wa Wizara alikuja na mchoro: wachezaji hawatazunguka, uwanja ndio utazunguka. Upande wetu wa uwanja ungejengwa juu ya duara la mbao na chuma, na tukipata zamu ya kuanzisha, duara ligeuzwe nafasi moja. Mchezaji hajanyanyua hata unyayo, yuko palepale alipowekwa na historia. Ni nchi tu imesogea chini yake. Refa ataona watu wamezunguka. Mlezi ataona hakuna aliyetoka mahali pake. Kanali alimkumbatia yule mhandisi, akalia.

Wa kulisukuma duara walikuwa wafungwa mia tatu, waliofungwa minyororo chini ya sakafu, na ishara yao ilikuwa kengele iliyowekwa mezani kwangu. Duara halikuwekewa gia ya kurudi nyuma. "Hatutarudi Nyuma" ndiyo kaulimbiu ya taifa, na mhandisi hakutaka kuonekana ana mawazo mengine. Halafu Ofisi ya Itifaki ikakumbusha kanuni yake ya kwanza: hakuna kinachosonga mbele katika nchi hii Mlezi akabaki. Basi kiti cha Mlezi nacho kikawekwa juu ya duara, pembeni kabisa, mbele ya watazamaji na kamera. Hakuna aliyeona kasoro. Nami sikuona, siku hiyo nilikuwa nasafisha kengele.

Fainali ilikuwa saa nne asubuhi. Mlezi, sasa mwaka wa thelathini na sita kitini, alisimama kufungua mashindano. "Najua maadui wanangoja kuona kiti changu kikisukumwa," alisema. "Nawaambia, kiti changu hakisukumwi na mtu! Kitasukumwa na ushindi tu, na kisipopata ushindi hakitasogea!" Makofi yalidumu dakika kumi na moja. Bibi mmoja aliyezimia dakika ya tisa alikamatwa kwa kuacha kupiga makofi. Na neno likawa limetoka.

Mgeni wa kwanza kuanzisha aliupiga mpira ukatoka nje. Zamu ikawa yetu, nikapiga kengele. Chini ya sakafu mijeledi ikalia, watu wakaguna, duara likageuka, kisha likakwama sekunde moja, likafanya mlio wa kitu kibichi, likaendelea. Baadaye nilielezwa kwamba ulikuwa mkono wa mfungwa umeingia kwenye meno ya gurudumu. Kati ya miguno ile nikasikia sauti moja nzito, yenye maneno yaliyovurugika kama ya mtu asiye na taya: "Zunguka, wanangu. Zunguka." Zabroni naye aliisikia. Aliitazama sakafu kwa muda mrefu.

Wageni wakajikwaa mara ya pili, nikapiga kengele ya pili, na duara likageuka tena. Hapo ndipo tulipoona. Mzee Makungu alikuwa amefika kona ya nyuma kabisa, hatua mbili kutoka mlango wa kutokea nyuma ya ukumbi. Na Mlezi wa Taifa alikuwa anatazamana na ukuta wa vyoo.

Katika miaka thelathini na sita wananchi walikuwa hawajawahi kukiona kisogo cha Mlezi. Kilikuwa kisogo cha kawaida, chenye upara wa ukubwa wa kikombe. Watu elfu sita wakanyamaza. Mmoja akacheka. Walimtoa nje, tukasikia mlio mmoja, ukumbi ukanyamaza upya.

"Nirudisheni mbele," Mlezi aliuambia ukuta.

Mhandisi aliitwa. Akaeleza kwamba kurudi nyuma haiwezekani, na kwenda mbele mpaka kiti kifike kilipoanzia ni kugeuka nafasi nne zaidi.

"Zungusheni basi," akasema Kanali.

"Mheshimiwa, Mlezi ametamka. Ni kwa ushindi tu."

Wote wakatazama kile kisogo, kikatikisika kidogo. Neno la Mlezi halirudi. Kanali alimpiga mhandisi risasi ya goti ili aonekane amefanya jambo, kisha akaomba mapumziko, akamfuata Zabroni. Meza yangu ilikuwa hatua tatu kutoka kwao.

"Nahodha, mtawapokonya zamu mara nne. Mara nne tu. Mkishindwa, naanza na wewe."

"Na mzee, Mheshimiwa? Tukishinda ataenda nyumbani?"

"Huyu?" Kanali alishangaa kweli, hakuwa anatania. "Huyu nafasi yake ni hii. Atatoka kama alivyotoka mwanawe."

Kanali akarudi kwenye kiti cha Mlezi, ambako walinzi wengi walikuwa wamejipanga kuziba ile aibu kwa miili yao. Mlangoni walibaki wawili. Zabroni akamsogelea mzee, kadiri alivyoweza bila kutoka mahali pake.

"Baba, usinitazame. Filimbi ya mwisho ikilia wote watanikimbilia mimi. Wewe geuka, huo hapo mlango. Usikimbie. Tembea kama mtu aendaye kujisaidia."

"Na wewe mwanangu?"

"Mimi nitabaki nao kidogo."

Nililisikia kila neno. Kazi yangu ilinitaka ninyanyue mkono na kumwita Kanali. Nikachonga penseli.

Seti ya kwanza tulipoteza. Seti ya pili tulipoteza kwa sifuri, mara ya kwanza katika maisha yangu kuandika sifuri upande wetu. Kanali alidhani vijana wamesahau mchezo. Mimi nilikuwa nayaona macho ya Zabroni. Kila mpira mzuri aliupandisha kwa Tegemeo, kwa vidole vyake vile vitulivu, juu kabisa ambapo Tegemeo asingefika hata kwa ngazi. Duara halikusogea, kona ya mzee haikusogea.

Seti ya tatu, wageni wakiwa ishirini na nne na sisi sifuri, mpigaji wao mmoja aliruka, akateleza hewani, akaupiga mpira juu, mbali, nje kabisa ya uwanja. Haukuguswa na mtu. Ungetua pale, ungekuwa wetu. Kitwana aliinua mikono. Kanali akatabasamu. Mkono wangu ulikuwa tayari juu ya kengele, na najua kwamba kengele ile ingempeleka mzee mbali na mlango, ingemrudisha moja kwa moja kati ya bunduki.

Zabroni akakimbia. Alitoka mahali alipowekwa na historia, akaruka nje ya duara, akaruka ubao wa matangazo, akajinyoosha, akaudaka ule mpira hewani kwa vidole vyote kumi. Akaukumbatia kifuani. Katika mchezo huu kuukamata mpira ni kumpa adui pointi, hata mtoto anajua. Refa wa kigeni akapuliza filimbi, fainali ikaisha.

Mlezi yuko palepale hadi leo. Hakuna ushindi mwingine unaoweza kumsogeza, kwa sababu fainali ile haiwezi kuchezwa tena, na neno halirudi. Mabalozi hujitambulisha kwa kisogo, na mawaziri wanaotaka kuuona uso wake hupitia vyooni. Serikali inakwenda vizuri. Kwa kweli hakuna aliyeona tofauti.

Lakini nimetangulia. Kanali alitaka meza, na meza iliyokuwepo ilikuwa yangu. Walimleta Zabroni wanamburuta, walinzi wote, hata wale wawili wa mlangoni, kila mmoja akitaka aonekane na Kanali amempiga. Mbavu zilivunjika njiani. Wakaubandika mkono wake wa kulia juu ya daftari langu la pointi, na Kanali akaletewa nyundo ya kukazia nguzo za wavu.

"Karani," aliniambia, "hesabu."

Nikahesabu. Moja, gumba. Mbili. Sauti yangu ilikuwa nzuri, ya kazini. Damu iliruka ikanipata mdomoni na sikuipangusa, maana ningepoteza hesabu. Baada ya tano wakabadilisha mkono. Baada ya saba Zabroni aligeuza uso kwangu. Taya lake lilikuwa limehama, lakini nilimwelewa.

"Mzee ametoka?"

Nilitazama mlango wa nyuma. Ulikuwa wazi. Jezi namba saba ilikuwa imeanguka kizingitini, na mbali, ng'ambo ya uzio, mzee mmoja kifua wazi alikuwa anatembea polepole barabarani, kama mtu aendaye kujisaidia.

"Ametoka," nikasema.

Kanali akasimamisha nyundo hewani. "Umesema ngapi?"

"Saba, Mheshimiwa."

Zabroni akafumba macho, akanyoosha mwenyewe kidole cha nane. Nami, Mungu anisamehe, nikahesabu mpaka kumi.